Mtaro Uliotiririka Kiangazi

Nilistaafu miezi mitatu iliyopita. Ofisini waliniandalia soda na keki, wakanipa saa kubwa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye ndiyo kwanza hana haja ya kujua ni saa ngapi. Kabla hatujaagana, binti mmoja aliyeajiriwa mwaka jana alinivuta pembeni akaniuliza, "Mama Veneranda, katika miaka yote hiyo ni kazi gani uliyoiogopa zaidi?" Nilimjibu kwa mzaha kwamba niliogopa vyoo vya stendi. Nilipofika nyumbani nikaona nimemdanganya. Basi hili ndilo jibu lake, na wenzake wakitaka nao wasome.

Mimi ni Muha wa milimani, upande wa Kasulu. Chuoni walitufundisha darubini na majina marefu ya vijidudu, nami nikaja Ujiji nikidhani nitavaa koti jeupe na kukaa mezani. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Sadala. Alikuwa bwana afya wa mji tangu sijaanza shule, mzaliwa wa Ujiji hasa, mtu mwembamba wa suruali ya kaki iliyopigwa pasi na kofia iliyofumwa kwa mkono ambayo haikuwahi kuchafuka hata alipokuwa ameinama juu ya shimo. Alinitazama viatu vyangu vya kisigino akasema, "Hivyo ni vizuri. Vitunze kwa ajili ya harusi." Kisha akanipeleka kukagua vyoo vya mtaa mzima.

Nilijifunza kwake mambo ambayo hayakuwa kwenye daftari zangu. Kwanza salamu, na salamu ya Ujiji si ya kukimbiza: utauliza habari za nyumbani, za watoto, za ziwa, za mgonjwa kama yupo, ndipo uombe kuonyeshwa choo. "Choo cha mtu ni siri yake," aliniambia. "Ukiingia kama askari atakufungulia mlango, ila hatakwambia shimo lilijaa lini." Alikuwa na fimbo ndefu aliyoichonga alama kwa kisu, ya kupimia kina cha mashimo, na chupa ya kioo iliyofungwa kamba na jiwe kwa ajili ya kuchota maji ya kupima. Aliichemsha chupa ile yeye mwenyewe. Hakumwamini mtu mwingine, hata mimi, kwa mwaka mzima.

Ofisi ilinipa nyumba kwenye safu ya nyumba nne za watumishi, juu kidogo ya mji, kuelekea Rusimbi. Zilikuwa nyumba za zamani zenye choo cha kuvuta maji. Kwa msichana aliyekulia choo cha shimo, nilijiona nimefika. Nilimwandikia mama barua kumweleza ule mnyororo wa kuvuta.

Halafu ikaja miaka ya wakimbizi kutoka nchi jirani. Walikuja kwa barabara ya Kasulu wakipita Kidahwe na magodoro kichwani, na walikuja kwa ziwa, boti zimejaa hadi maji yanakaribia ukingo. Wengi walipelekwa kambini, ila wale wa ziwani walipokelewa kwanza kwenye ghala moja la zamani ufukweni, lililokuwa halina kazi. Walikaa humo siku chache, wengine majuma, wakisubiri kuandikishwa au kusubiri ndugu waliopotezana nao. Tuliwachimbia vyoo nyuma ya ghala. Nilisimamia uchimbaji mwenyewe, na Mzee Sadala akashusha fimbo yake kila shimo kabla hajaridhika.

Ndiko nilikomjua Domitila. Alikuwa mwanamke wa rika langu, na mtoto wa kiume mgongoni asiyefikisha miaka miwili. Siku ya kwanza nilimsalimu Kiha, "Mwakeye," akageuka kwa furaha kama aliyeitwa jina lake, akajibu Kirundi. Lugha zetu ni ndugu. Tulielewana vizuri, ila kila mmoja alimwona mwenzake anapindisha maneno. Mume wake na binti yao mkubwa walibaki kwenye ufukwe wa kwao, boti ilipojaa. Kila asubuhi alikwenda kusimama majini, maji yakimfika magotini, akitazama ziwa. Aliponiona alinisimulia habari za boti zilizoingia, zipi zilitoka wapi, kana kwamba ndiye mwenye bandari.

Kiangazi cha mwaka ule watoto wakaanza kuharisha. Kwanza wawili, kisha mtaa mzima wa ufukweni. Watu wa pale walikuwa na mabomba, lakini maji ya bomba yalikuja yanapotaka, na ziwa lipo siku zote. Walioga humo, walifua, waliosha vyombo na dagaa, na wengi walikunywa. Nilichota maji mbele ya ghala, nikayatia kwenye chupa ndogo za kupimia zenye karatasi iliyolowekwa dawa. Maji yenye kinyesi huzigeuza nyeusi. Kesho yake zote zilikuwa nyeusi kama mkaa.

Tukafunga ufukwe. Mkuu wetu wa ofisi alitia saini, mimi nikasimamisha kibao cha mbao chenye maandishi mekundu: hapa hakuna kuoga, kufua wala kuchota maji. Nilikisimamisha pale nilipochotea, mbele ya ghala. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu mimi sikulifikiria hata dakika moja.

Kufunga ufukwe Ujiji si jambo dogo. Ni kufunga jiko, bafu na soko kwa pamoja. Wanawake wa dagaa walinizunguka siku hiyo hiyo, na mbele yao Bi Mwajuma, mwenye vichanja vingi vya kuanikia dagaa kuliko wote na sauti ya kutosha mialo miwili ya wavuvi. Mjukuu wake alikuwa wodini.

"Bibi Afya," alisema, "wewe umeandika mwenyewe. Kibao umekiweka mlangoni kwao. Sasa unangoja nini kuwaondoa?"

"Bi Mwajuma, shikamoo. Bado tunatafuta chanzo."

"Marahaba. Chanzo kimelala ndani ya ghala kinasubiri uji! Sisi tumekunywa ziwa hili tangu mababu. Wamekuja hawa, tunaugua. Unahitaji kwenda chuo kwa hilo?"

Nilipokwenda wodini jioni nilimkuta ameketi kando ya kitanda cha mjukuu wake, akimlisha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Kitanda cha pili yake alikuwepo Domitila, naye ana kijiko, mwanawe amelegea mapajani. Wanawake wale wawili walipeana migongo. Vijiko vyao vilikwenda sawasawa.

Ofisini nikaambiwa Ijumaa litakuja lori kuwahamishia wakimbizi wote wa ghalani kambini, waliokwisha andikishwa na wasioandikishwa. Kilichobaki ni ripoti yangu ya kusema uchafu unatoka kwao. Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mji ulikuwa unamkalia kooni. Aliniwekea karatasi mezani imeshachapwa, imebaki nafasi ya saini. "Andika tu, Veneranda. Kwani kuna jibu jingine?"

Domitila alipata habari za lori kabla yangu. Alinishika mkono wodini. "Dada, wakinipeleka kambini, yeye akija atamuuliza nani? Ataniona wapi?" Nikamwambia kambini kuna watu wa kuunganisha familia. Akatikisa kichwa. "Yeye hajui kusoma. Anajua tu nilivuka kuja hapa."

Niliondoka na karatasi mfukoni nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Sadala. Nilimkuta barazani kwake anakunywa kahawa. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Umechota wapi maji?"

"Mbele ya ghala."

"Wapi tena?"

"Hapo tu."

"Kwa hiyo umepima sehemu moja, ukaipata chafu, ukasema uchafu umeanzia hapo." Hakukaripia. Aliongea taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. "Kesho tutatembea."

Kesho yake tulitembea ufukwe wote, tukichota kila hatua mia, tukiandika kila chupa ilipotoka. Upande wa kaskazini wa ghala, chupa zilikuwa nyeusi, lakini kadiri tulivyokwenda ziligeuka polepole zaidi. Upande wa kusini ndiko nilikotarajia usafi. Huko ziligeuka nyeusi haraka kuliko zote, hadi tulipofika pale mtaro wa mawe wa maji ya mvua unapoingia ziwani. Tukiupita mtaro, maji yalikuwa safi. Kiangazi upepo wetu hutoka kusini, na maji ya juu hufuata upepo. Uchafu ulikuwa unaingia ziwani kupitia mtaro, unasukumwa kando ya pwani, unakwenda kutua mbele ya wale watu wa ghalani. Wao ndio waliokuwa wanaupokea.

Chupa zote zilipokwisha kusomwa tulirudi pale, Mzee Sadala akasimama juu ya mdomo wa mtaro, mikono nyuma. "Mvua ya mwisho ilinyesha lini?"

"Miezi mitatu sasa, Mzee."

"Na hii inatiririka nini?"

Nilitazama. Ulikuwa mfereji mwembamba tu, upana wa kiganja, unang'aa juani. Nilikuwa nimeuruka siku zote nikienda kazini.

Kwenye stoo ya ofisi kulikuwa na kopo la unga wa rangi. Ni unga mwekundu kama kutu, lakini ukigusa maji hugeuka kijani kinachong'aa, na hauna madhara. Nilianzia ghalani, ili mtu asije akasema nimewapendelea. Nilitia unga katika kila shimo, nikamwaga na ndoo za maji, huku watu wa ghalani wakinitazama. Mzee Sadala alikaa mdomoni mwa mtaro. Siku nzima, na asubuhi iliyofuata, hakuna kilichotokea. Tukajaribu vyoo vya sokoni. Hakuna. Nyumba moja ya wageni karibu na barabara, mwenyewe akilalamika kwamba namfukuzia wateja. Hakuna. Ilikuwa imeshafika Jumatano.

Ndipo tukaamua kuufuata mtaro wenyewe kwenda juu. Tulipanda nao nyuma ya nyumba za watu, tukiomba hodi kila uwanja. Mahali pengine ulikuwa umefunikwa na taka, lakini majani yalituonyesha njia: mji mzima umekauka, ila kando ya mtaro yamesimama mabichi mazito kama ya masika. Karibu na Rusimbi mtaro ukagawanyika. Tawi moja lilikuwa kavu, kenge anaota jua ndani yake. La pili lilikuwa na maji.

Mzee Sadala akalitazama lile tawi lilivyopanda kilima. "Huko juu kuna nyumba gani?"

"Za watumishi."

"Anakaa nani?"

"Nakaa mimi, Mzee."

Hakucheka, na nitamshukuru kwa hilo mpaka ninakufa. Alisema tu, "Basi utakuwa na ufunguo."

Alishuka ziwani, mimi nikapanda nyumbani. Niliingia chooni kwangu, choo kile nilichomwandikia mama barua, kisafi, nimekisugua Jumapili. Nikatia vijiko viwili vya unga, nikavuta mnyororo, nikavuta tena. Kisha nikatoka nikakimbia kuteremka kilima bila hata kufunga mlango.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe na kikombe cha kahawa alichonunua kwa muuzaji wa kupita. Nilikaa kando yake. Alikuwa amebakiza kama nusu ya kikombe cha pili pale mfereji ule mwembamba ulipobadilika. Ulianza kama kivuli, kisha kijani, kijani kizuri kupita kiasi, ukaingia ziwani, ukajikunja na upepo, ukaanza safari kuelekea ghalani.

Nililia. Msidhani niliona aibu ya choo. Nililia kwa ajili ya kile kibao.

Tulipofungua mfuniko wa shimo la maji taka la zile nyumba nne tuliona yote. Ukuta wa chini ulikuwa umepasuka, na kulikuwa na bomba la zamani ambalo mtu asiyejulikana aliliunganisha kwenye mtaro miaka mingi nyuma, shimo lilipoanza kujaa. Wote tuliokaa pale tulishangaa jinsi shimo letu lisivyojaa kamwe. Tulilisifia.

Mkuu wetu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango. "Sawa. Tutaziba kesho, kimyakimya. Lori lisubiri kidogo. Hakuna haja ya kuwachanganya wananchi."

Nilikubali. Nilitoka ofisini nimekubali, nimefurahi hata. Mzee Sadala alikuwa ananingoja nje. Nikamweleza.

"Kuziba lazima tuzibe," alisema. "Lakini wewe umewaambia watu ni wale wa ghalani."

"Sijasema hivyo popote, Mzee."

"Umesema kwa msumari na ubao."

Alhamisi asubuhi nilikwenda ufukweni. Wanawake wa dagaa walikuwepo, wavuvi wakitengeneza nyavu, na watu wa ghalani wamesimama mlangoni na vifurushi vyao, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba lori la kesho limeahirishwa. Nilikuwa na hotuba kwenye karatasi. Sikuisoma. Nilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha ili wote wasikie, kwamba tumefuata uchafu mpaka ulipoanzia, na umeanzia nyumba za watumishi, na nyumba ya tatu ni yangu. Nikasema waliokuwa ghalani hawakuchafua ziwa, walikuwa wanapokea uchafu wangu. Nikaomba msamaha kwa pande zote mbili. Kisha nikakishika kile kibao nikaanza kukitikisa nikihamishe kwenye mtaro, kikanishinda, maana nilikuwa nimekichimbia vizuri. Wavuvi wawili wakaja kuning'olea.

Kulikuwa na kicheko, halafu maneno makali kiasi, ambayo nilistahili. Bi Mwajuma hakucheka wala hakusema. Aligeuka akarudi kwenye vichanja vyake. Kwa mtu wa sauti ile, hilo liliniuma kuliko tusi.

Domitila, aliyekuwa amekuja kutoka wodini kufungasha, alinifuata hadi mtaroni. "Urakoze, dada," alisema. Nikamwambia asinishukuru, mimi ndiye niliyewaletea balaa. Akasema kwa sauti ya chini, "Nakushukuru kwa sababu na mimi nilishaanza kuamini ni sisi. Usiku nilikuwa namnusa mwanangu nguo, nione kama ni kweli tunanuka."

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya siku hiyo, na hakuna ripoti niliyotia saini bila kusikia sentensi ile.

Mkuu wetu alininunia kwa juma moja, kisha akatuletea mafundi. Tulilitapisha shimo, tukajenga ukuta upya, tukakata lile bomba na kuziba mdomo wake kwa saruji. Mimi na majirani tulitumia choo cha shimo tulichochimbiwa uani kwa muda wote huo, na naweza kushuhudia kwamba kilichimbwa kwa kipimo cha fimbo ya Mzee Sadala. Watoto walianza kutoka wodini, wa Domitila mwanzo, mjukuu wa Bi Mwajuma siku mbili baadaye.

Watu wa ghalani walipewa muda wa kuandikishwa kwa utaratibu. Katika muda huo boti moja iliingia kutoka kusini, iliyokuwa imetua kwanza kijiji kingine kwa sababu ya mawimbi. Ndani yake alikuwemo binti wa Domitila, ameshikwa mkono na jirani yao. Baba yake hakuwemo. Jirani alisema walitengana naye wakitafuta boti nyingine, na hakujua zaidi. Domitila alipiga magoti mchangani akamkumbatia mtoto, akamuuliza habari za baba, akamkumbatia tena, akamuuliza tena. Nilikaa nao mpaka jua likawa kali. Hakuna nilichokuwa nacho cha kupima jambo lile.

Chupa zikaanza kutoka safi. Tulichota asubuhi na jioni, sehemu zote, mara tatu mfululizo, kwa sababu Mzee Sadala hakuniruhusu kufurahi mapema. Siku ya mwisho niling'oa kibao kutoka mtaroni, safari hii nilikuwa nimekichimbia kidogo, nikatangaza ufukwe umefunguliwa.

Hakuna aliyeingia.

Walisimama na ndoo na mabeseni, wanatazama maji kama mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata jana. Sikuwalaumu. Nilivua viatu, nikaingia na gauni langu la kazi mpaka kiunoni, nikanawa uso, nikasukutua. Maji yalikuwa ya baridi. Nilihisi macho ya mji mzima mgongoni. Nyuma yangu nikasikia mtu anaingia taratibu. Alikuwa Domitila, mtoto mgongoni na binti yake mkononi, na chini ya kwapa kifurushi cha nguo za watu watatu. Alichagua jiwe, akachutama, akaanza kufua kwa maji matupu.

Kisha Bi Mwajuma akashuka. Aliweka beseni lake kwenye jiwe la pili yake, akalowesha shuka, akatoa mche wa sabuni mpya kwenye upindo wa khanga. Alimtazama Domitila anavyosugua nguo bila povu. Akachomoa uzi pembeni ya khanga, akauzungusha kwenye ule mche, akavuta, mche ukakatika vipande viwili. Aliisukuma nusu juu ya jiwe mpaka ikamgusa mwenzake mkono, kisha akainama kuendelea kufua.